Paramediki wa helikopta: mtihani wa FP-C nifanye sasa au nisubiri?

zamu_ya_usiku:
Wakuu habari za jumapili. Mimi Mtanzania niko Texas, napiga kazi ya paramediki, yaani mhudumu wa dharura, kwenye ambulensi ya 911 (namba ya dharura huku), leseni ya jimbo ninayo na National Registry, ule usajili wa kitaifa, pia. Toka zamani natamani kuingia kwenye helikopta za wagonjwa, sasa kila tangazo la kazi ninaloona wanataka FP-C, cheti cha paramediki wa ndege, wengine wanasema ukishaajiriwa wanakupa muda uipate. Swali, nifanye mtihani sasa kabla hata sijaomba kazi au nisubiri? Na hii CCP-C nayo ni nini, maana kuna jamaa kazini anasema ni kitu kile kile. Ada sio ndogo na watoto wanasoma, sitaki kulipa mara mbili.

kibo_juu:
Karibu sana kaka, niko kwenye helikopta huku Midwest, majimbo ya kati ya Marekani. Kwanza tenganisha vitu viwili. Leseni anatoa jimbo na ndiyo inakuruhusu kumgusa mgonjwa. FP-C ni cheti cha umahiri, wanatoa IBSC, bodi ya kimataifa ya vyeti vya aina hii, hakikuongezei ruhusa ya kuchoma hata sindano moja. Maswali ni 135, yanayohesabiwa 110, hayo 25 wanayajaribu tu na huwezi kujua ni yapi, muda saa mbili na nusu. CCP-C ni ndugu yake, ya wanaohamisha wagonjwa mahututi kwa barabara, mengi yanafanana ila ya ndege wameongeza fiziolojia ya angani na usalama wa kuruka.

Kukaa mtihani leseni yako inatosha, ila mimi ningekwambia subiri. Watu wa 911 mko vizuri sana kwenye ajali lakini mgonjwa mnakaa naye muda mfupi mnamkabidhi. Huu mtihani unakuuliza mtu aliyelala ICU siku ya nne, yuko kwenye ventileta, mashine ya kupumulia, dawa za kupandisha presha zinaingia kwa pampu, unapewa majibu ya gesi za damu unaona kaboni dioksaidi inapanda na asidi imezidi, haya utagusa nini kwanza, idadi ya pumzi kwa dakika au ujazo wa kila pumzi, na ukigusa hicho presha ya kwenye mapafu itakuwaje? Hapo kukariri hakukusaidii. Tafuta zamu za kuhamisha wagonjwa wa ICU hospitali kwa hospitali, hata part time, shika ventileta kwa mikono yako ndio ukalipie.

mama_wa_zamu:
Napingana kidogo na kaka hapo juu. Ukisubiri ujisikie uko tayari utazeeka unasubiri, we panga tarehe usome. Ila usidhani cheti ndio kazi. Usaili wa helikopta wanakuangalia sana kama una mdomo wa kukataa. Kwetu rubani haambiwi kabisa mgonjwa ana hali gani, ni mtoto au mtu mzima hajui, anaangalia hali ya hewa peke yake basi, kwa sababu akijua ni mtoto anakufa atajikaza aruke kwenye mawingu mabaya na tutakufa wote. Na mmoja wetu yeyote akisema hapana safari imeisha, hakuna kumbembeleza. Hilo nalo lipo kwenye mtihani, pamoja na mambo ya kutua kwa dharura na kujiokoa, na watu wengi wanaliruka wanasoma dawa tu.

nesi_wilson:
Hamjambo wote, mimi ni nesi wa ndege hapa Nairobi. Huku mara nyingi tunaruka nesi na daktari, paramediki si wengi kama huko kwenu, lakini ile fiziolojia ni ile ile na tafadhali usiichukulie poa. Sheria ya Boyle watu wanaikariri tu, hewa ukipanda inatanuka, sasa ifikirie kwa mgonjwa. Tukitoa mtu Mombasa pale usawa wa bahari tukamleta uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi, ambapo ni futi kama 5,500, hata tukishatua ile hewa iliyonaswa mwilini bado imetanuka kama moja ya tano zaidi ya ilivyokuwa Mombasa, haijarudi. Kwa hiyo puto dogo la mrija wa kupumulia napima presha yake kabla ya kuruka, napima tukiwa juu na napima tena tukitua, nataka iwe 20 mpaka 30 kwenye kipimo cha sentimita za maji, ikizidi inabana koo la hewa ndani na damu haifiki pale. Na mtu mwenye hewa kifuani nje ya pafu awekwe mrija wa kuitoa kabla hatujaondoka. Usiniambie ni kidogo tutaangalia tukiwa juu, huko juu hakuna nafasi ya kufanya hiyo kazi vizuri.

zamu_ya_usiku:
Asanteni sana, dada wa Nairobi umenifungua macho. Naanza kuomba zamu za ICU mwezi ujao halafu nipange tarehe. Cheti kikiisha muda unarudia mtihani tena au?

kibo_juu:
Kinadumu miaka 4, ukitaka rudia mtihani, usipotaka peleka masaa 100 ya masomo ya kujiendeleza. Kila kozi utakayofanya weka cheti chake kwenye folda siku hiyo hiyo, usingoje mwaka wa nne.