Shangazi Amechukuliwa na Chechele

Kikundi: Wana wa Bibi Mwanahawa

Jumamosi

Shangazi Zena (1:12 usiku): Nimefika nyumbani jamani, msiwe na wasiwasi. Nimechelewa kwa sababu nilipitiliza kituo. Nilikuwa nashuka Kwa Azizi Ali, nikaja kushtuka nipo Rangi Tatu, gari zima nimebaki mimi na konda. Na sikusinzia hata kidogo, nilikuwa macho kabisa.

Mjomba Seif: Pole sana dada. Mawazo hayo.

Khadija (Mombasa): Pole shangazi. Bora umefika.

Rehema (Pangani): Shikamoo Shangazi. Nimemsomea Bibi ujumbe wako, akasema hivi: "Mwambie mwanangu, amechukuliwa na chechele."

Juma: Amechukuliwa na nani??

Rashidi (Tanga): Chechele ndiyo nini? Mbona kama jina la mtu.

Mwanaidi: Rehema, tafadhali muulize tena, taratibu, asiruke hata neno. Nimefundisha Kiswahili miaka 19, na hilo sijawahi kulisikia likitoka mdomoni mwa mtu.

Rehema (Pangani): Haya, nimekaa naye hapa mkekani, naandika anavyosema. "Mtu anatembea. Miguu inaijua njia, ila mwenyewe hayupo. Anaupita mlango wa nyumba aliyokuwa anaiendea, anaendelea mbele, mbele, mpaka akutane na mti au mbuzi ndipo anajiuliza, hapa nimefikaje? Huyo kachukuliwa na chechele. Wazee wetu walikuwa wanasema ni kitu hasa, kinakushika mkono kinakuongoza."

Juma: Kwa hiyo ni jini?

Rehema (Pangani): Anasema, "Si wa kuogopa. Hakudhuru. Anakupitishia mlango tu."

Mwanaidi: Nimeishusha kamusi kutoka juu ya kabati. Limo! Chechele. Nimelisoma mara tatu, nikakaa kitini. Hali hii naijua tangu utoto, na siku zote nimekuwa nikiieleza kwa msururu wa maneno: nilikuwa nawaza mambo, nikajikuta nimepita. Kumbe ina jina lake.

Shangazi Zena: Mwambieni mama nimemsikia. Ni kweli, nilikuwa nawaza ada, nikawa napiga hesabu kichwani, kituo kikapita. Nimejisikia nafuu kujua watu wamekuwa wakichukuliwa tangu zamani hata wakatoa jina.

Mjomba Seif: Basi na mimi nina deni na huyo chechele. Siku mama Juma alipojifungua huyu Juma, nilitumwa nyumbani nikachukue kanga na chupa ya chai. Nilitoka hospitali nikatembea mpaka relini. Nyumba nimeiacha nyuma, sijui hata niliipita saa ngapi. Miaka yote hii nimekuwa nikisimulia kisa hicho bila kujua kiitweje.

Juma: Baba hujawahi kunisimulia mimi!

Mjomba Seif: Nimeshakusimulia sasa.

Khadija (Mombasa): Mwanaidi, tupe jingine. Leo silali.

Juma: Mimi ninalo! Serikali. Limetokana na "siri kali". Tuliambiwa darasani.

Mjomba Seif: Hilo hata sisi tuliambiwa ujanani. Siri, tena kali.

Mwanaidi: Juma mwanangu, lifute hilo kichwani kabla halijaota mizizi. Najua linasemwa sana na linaingia akilini haraka, lakini sivyo. Serikali ni neno la Kiajemi. Sar ni kichwa, kar ni kazi. Sarkar, mkuu wa kazi, msimamizi. Likapita India, na huko mpaka leo serikali ni sarkar. Kwetu lilikuja na biashara ya baharini kama yalivyokuja bandari, rangi na dirisha. Hayo yote ni ndugu, Waajemi watupu.

Mjomba Seif: Subiri kwanza. SUBIRI. Nilipokuwa dereva wa yule mzee wa Kigujarati, kila asubuhi alikuwa anakaa nyuma anasoma gazeti lake kwa sauti ya chini, na kila baada ya mistari miwili nasikia sarkar, sarkar. Nikidhani ni jina la mtu mkubwa wa kwao!

Mwanaidi: Alikuwa anasoma habari za serikali.

Mjomba Seif: Miaka 6 niko kwenye usukani nalisikia neno letu nyuma ya mgongo wangu, nisilijue.

Mwanaidi: Ndiyo maana sipendi tuyatungie maneno asili. Asili yake halisi huwa nzuri kuliko tunayoitunga. Hii ya "siri kali" inakomea kwenye fumbo. Ile ya kweli imekupeleka mpaka kwenye gazeti la mzee wako.

Rashidi (Tanga): Mwalimu, na mimi nina swali la siku nyingi. Nipo barazani hapa Ngamiani, tunacheza karata, na mkononi nina uru saba. Uru ni nini? Nimewauliza wazee watatu hapa, wote wananiambia uru ni uru, cheza.

Mwanaidi: Rashidi umeuliza swali tamu. Ni Kireno. Ouro ni dhahabu. Hata karata ni neno lao, na turufu pia. Sasa sikiliza: karata za zamani za Wareno hazikuwa na michoro hii unayoiona. Zilikuwa na vikombe, sarafu za dhahabu, panga na magongo. Kikombe kwao ni copa, ndiyo kopa. Sarafu za dhahabu ndiyo uru. Upanga ni espada, ndiyo shupaza. Na gongo ni pau, ndiyo pau.

Rashidi (Tanga): Lakini kopa ina moyo.

Mwanaidi: Michoro ilibadilika, ikaja ya Kifaransa, majina yakabaki ya kale. Kwa hiyo ukisema kopa unataja kikombe ambacho hakipo tena kwenye karata.

Rashidi (Tanga): Nimewasomea. Mchezo umesimama. Mzee mmoja ameishika pau yake karibu kabisa na taa anaigeuzageuza, anasema hili ni ua, gongo liko wapi? Sasa wanabishana hapa shupaza inafanana na upanga au haifanani. Mimi nasema ncha yake inafanana.

Khadija (Mombasa): Na sisi tumelala chini ya Ngome yao tangu 1593 na hatujui kama mkononi tunashika dhahabu yao 😊

Mwanaidi: Khadija, na ninyi mseme "hela" basi.

Khadija (Mombasa): Hela hatusemi sana, twasema pesa. Kwa nini lakini?

Mwanaidi: Kwa sababu huku Tanganyika tulikuwa na Mjerumani. Mwaka 1904 rupia yake iligawanywa katika heller 100. Sarafu zikaondoka, hela tukabaki nayo. Na shule ni Schule yao. Nenda Unguja, ambako Mjerumani hakutawala, utasikia skuli.

Juma: Kwa hiyo mtu akisema shule au skuli unaweza kujua nani alimtawala babu yake?

Mwanaidi: Si kila mara, maana maneno huhama, na Kiswahili sanifu kimelisambaza shule kila mahali. Lakini umeanza kusikiliza vizuri. Endelea hivyohivyo.

Rehema (Pangani): Bibi amesema tukalale, mazungumzo haya yana mwiku.

Khadija (Mombasa): Mwiku!! Hicho ndicho chakula cha usiku kinachobaki mkakila asubuhi. Kuna watu hapa watasema kiporo. Bibi yuataka tubakishe ya kesho.

Jumapili

Rashidi (Tanga) (4:50 asubuhi): [picha] Assalaam alaykum. Nipo Raskazone, nimeona mashua hii nikawakumbuka.

Shangazi Zena: Waalaykum salaam. Mbona imelala ubavu? Imeharibika?

Rashidi (Tanga): Nzima kabisa, ina rangi mpya. Maji yamekwenda mbali mno leo. Kamba ya nanga iko juu ya mchanga imejikunja, na kaa wanatembea chini ya mkuku.

Rehema (Pangani): Nimemwonyesha Bibi picha. Hakufikiri hata kidogo. "Imepwelewa hiyo."

Mwanaidi: Rehema usiondoke hapo!!

Rehema (Pangani): Sijaondoka, nimeweka na birika chini. Anasema: "Maji yakipwa, chombo kikabaki pakavu, kimepwelewa. Hakina la kufanya, kinangoja maji. Na mtu akikwama, hana mbele hana nyuma, naye kapwelewa. Na msomaji wa maulidi akisoma usiku kucha, asubuhi sauti imempwelea."

Shangazi Zena: Ya Rabi. Sauti nayo ni bahari.

Mjomba Seif: Hilo la mtu kupwelewa nimelipenda. Si kwamba umeshindwa. Unangoja maji.

Mwanaidi: Jamani tazameni neno kupwa lenyewe. Kupwa, maji kurudi nyuma. Halafu weka ile -ni ya nyumbani, ya shambani, ya njiani. Pwa-ni. Pwani! Mahali maji yanapopwa.

Khadija (Mombasa): Nimezaliwa Pwani, nimesoma Pwani, naandika "Pwani" kwenye fomu za kazini kila siku. Sijawahi hata mara moja kuliona hilo. Limekuwa mbele ya macho yangu.

Juma: Kwa hiyo maji yakijaa siyo pwani tena?

Mwanaidi: Juma, swali hilo nitalala nalo.

Rehema (Pangani): Bibi anajibu: "Itakuwa pwani tena baada ya saa sita." Halafu anamwambia Rashidi atazame mwezi. Ukiwa mwandamo au ukiwa mpevu, maji yanajaa sana na yanapwa sana, ndiyo bamvua. Katikati hapo hayaji wala hayaendi, hayo ni maji mafu. Anasema babu yetu alikuwa haitazami kalenda, alikuwa anatoka nje usiku anarudi anasema "kesho bamvua," anaandaa wavu.

Rashidi (Tanga): Jana usiku ulikuwa mduara mzima! Niliuona nikitoka barazani.

Mjomba Seif: Mama anayo mangapi ya namna hii ambayo hatujawahi kumwuliza?

Mwanaidi: Hilo ndilo limeninyima usingizi. Nimekuwa nikiyatafuta vitabuni, na mwenye nayo anayatumia kila siku akichota maji. Hayupo anayeyaficha. Sisi tulikuwa tunaitika "ee Bibi" tukapita.

Shangazi Zena: Shule zimefungwa. Twende Pangani. Mimi naweza kuomba ruhusa kazini wiki ijayo yote, tupange siku.

Mjomba Seif: Tungoje mwisho wa mwezi, nauli ya watu watano si ndogo.

Rehema (Pangani): Bibi anasema, "Waje mtondogoo. Sikubali ndewe wala sikio."

Juma: Bibi amesema maneno mawili kwa mpigo 😄

Mwanaidi: La kwanza nalijua, Juma. Hesabu na vidole. Leo Jumapili. Kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo.

Juma: Jumatatu, Jumanne, Jumatano... Alhamisi! Sikujua kuna maneno baada ya kesho kutwa. Mimi huwa nasema "keshokutwa ya mbele".

Shangazi Zena: Na ndewe?

Rehema (Pangani): [picha] Nimempiga picha sikio kwa ruhusa yake. Lile tundu kwenye ncha ya chini, limetanuka. Hilo ndilo ndewe. Anasema akiwa msichana alivaa majasi ya fedha, mazito, ndiyo yaliyolitanua. Ukisema sikubali ndewe wala sikio, umekataa tundu na umekataa sikio lenyewe, hakuna tena pa kupitia.

Khadija (Mombasa): Nimeikuza hiyo picha. Kuna kipele kidogo cha mkwaruzo pembeni ya tundu, na ngozi pale ni laini inang'aa kama ya mtoto. Sikio hili nimelibusu tangu mdogo, sikujua lina neno lake.

Mjomba Seif: Basi mtondogoo. Nauli nitaitafuta, mama akishakataa ndewe na sikio mimi ni nani.

Mwanaidi: Nakuja na madaftari mawili. Juma, wewe ndiye mwandishi wetu. Andika anavyosema yeye, usinyooshe sentensi zake.

Juma: Nitaandika na tarehe.

Alhamisi

Shangazi Zena (4:35 asubuhi): Assalaam alaykum. Nipo safarini, tumeshapita Segera. Nimekaa dirishani. Konda nimemwomba anishtue Muheza nikaunge gari la Pangani.

Rehema (Pangani): Bibi anauliza, konda mwenyewe unamwamini? "Na makonda nao huchukuliwa."

Juma: Shangazi, dirisha ni Kiajemi!

Shangazi Zena: Nalikumbuka, baba. Acha niweke simu chini nitazame njia.