Gawio limekatwa kupita kiasi, nifanyeje?

BintiMenengai: Wasee ushauri wa haraka. Gawio la hisa zangu lilikuwa liwe 12,000, kwa benki imeingia 10,200. KRA, hawa watu wa ushuru, wanakata mara ngapi kwani? Broka hapa Nakuru ananizungusha tu na hiyo pesa nilikuwa nishaipangia.

JamaaWaKondele: Kampuni ndio hukata kabla ikutumie, halafu inapelekea KRA yenyewe. Tulia. Afadhali wewe, marehemu mzee wetu aliacha vyeti vya hisa kwa sanduku mchwa wakavifikia, gawio likapita miaka 3 bila mwenyewe likapelekwa kwa mamlaka ya mali isiyodaiwa, saa hii ndugu tunaangaliana vibaya.

Kalkuleta: Pole bro. Dada, 1,800 kwa 12,000 ni 15%. Mkaazi hukatwa 5%, yaani 600, na imeisha hapo, hudaiwi ingine. 15% ni ya asiye mkaazi. Hisa ni za nani?

BintiMenengai: Zangu.

Kalkuleta: Jina kwa akaunti ya CDS, ile ya kuweka hisa?

BintiMenengai: Sawa, la mchumba wangu, ni Mwingereza yuko Leeds. Lakini alisema gawio ni langu! Nishachukua fomu nibadilishe anwani yake niweke sanduku la posta la shule yetu, wakate 5%.

MamaKakamega: Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nunua zako, hata kidogo kidogo.

Kalkuleta: Sanduku la posta halimfanyi mtu mkaazi. Awe na makao ya kudumu hapa na awe alikanyaga Kenya mwaka huo, hata siku chache. Kama hana makao, akae siku 183, ama wastani wa zaidi ya 122 kwa mwaka ukijumlisha na miwili iliyotangulia.

BintiMenengai: Huja Disemba, wiki mbili, tunakaa kwangu mtaa wa Section 58, nyumba nimepanga. Si hapo ni kwake pia? Na ni 1,200 tu jamani, serikali haitalala njaa.

JamaaWaKondele: Hebu ngojeni. Si ni huyu juzi alikuwa anauza pete hapa ati ameachwa? Huyo Mwingereza yuko kweli?

Msafiri_Busia: 😂😂 Disemba ni flamingo ndio huja Nakuru

BintiMenengai: Tulirudiana. Nisaidieni na fomu, ya pete hayawahusu.

Kalkuleta: Fomu inawekwa sahihi na mwenye akaunti. Nani ameweka?

Kalkuleta: Dada?

JamaaWaKondele: Ameingia mitini. Pete ilikuwa bei gani?