Je, kwenda ITB Berlin, maonyesho ya kimataifa ya utalii huko Ujerumani, kunalipa?

Ndugu wanajukwaa, nina kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha yenye magari mawili, nami ninajiuliza kama ni busara kwenda Berlin mwezi Machi, ilhali nauli, viza na malazi vitameza akiba ya msimu mzima.

Jibu: Anza na Karibu-KiliFair, maonyesho ya utalii ya hapa Tanzania, mwezi Juni, kwa kuwa mawakala wa safari wa ng'ambo huja wenyewe hapa nyumbani.

Jibu: Mara ya kwanza nilikwenda Berlin bila miadi, nikarudi na begi la vipeperushi na viatu vilivyolika soli. Mwaka uliofuata niliwaandikia mawakala mapema, nikapata mikutano minane, na mmoja wao angali ananiletea wageni wa Serengeti.

Muulizaji: Nashukuru. Nisipopata walau miadi mitano kufikia Januari, siendi.