Tupeane uzoefu: hizi krabu stiki za pakiti mnazipikaje nyumbani?

Mke wa Baharia, Dubai
Salaam wanajamvi. Kwenye kundi la familia kuna mtu kauliza zile stiki nyekundu na nyeupe za friza huwa zinaliwa na nini, nikakumbuka nilivyozijua mimi. Nilikuwa nalala chumba kimoja na dada wa Kifilipino. Akirudi zamu ya usiku anatoa stiki kwenye friji, anazimenya ile nailoni, kisha anaziviringisha kati ya viganja taratibu mpaka nyuzi zinaachana zenyewe. Kisu hagusi. Anachanganya na tango la vijiti, embe lisiloiva sana, mayonezi kidogo na ndimu, anaweka baridi robo saa. Moto hauwashwi kabisa. Mimi nikaongeza pilipili mbuzi, chumvi sitii kwa sababu stiki zina chumvi yake tayari. Sasa nataka uzoefu wenu, hasa wa mchuzi, maana kila nikizitia kwenye tui zinasambaratika.

Kaa Koko, Tanga
Dada yangu, mtu wa pwani unakulaje samaki aliyepakwa rangi? Huku kaa anatoka mikokoni yu hai, makucha yamefungwa, unamchagua mwenyewe kwa uzito. Ukimpasua kucha nyama inatoka nzima, tamu bila kutiwa kitu. Hiyo ya pakiti muwaachie wenyewe.

Shangazi Mwema
Embe na tango naunga mkono mia kwa mia.

Dereva wa Fujairah
Kaa Koko, wewe mikoko iko nyuma ya nyumba. Sisi huku kaa halisi sokoni bei yake unaiangalia, unampita, unakwenda kununua dagaa. Usitusimange.

Fundi wa Samaki
Nimefanya kazi ya samaki miaka mingi, acheni niseme. Hiyo ni surimi. Nyama ya samaki mweupe, mara nyingi pollock wa Alaska, inasagwa na kuoshwa kwa maji baridi mara kadhaa mpaka mafuta na harufu vinatoka, inabaki protini tupu. Ikigandishwa hivyo hivyo inaharibika, haishikani tena. Wajapani wa Hokkaido karibu mwaka 1960 ndio waliogundua kwamba ukiichanganya na sukari inavumilia friza, na stiki zenyewe zikaingia sokoni miaka ya 1970. Humo wanatia wanga, ute wa yai, chumvi, ladha ya kaa na rangi nyekundu ya nje, halafu inaivishwa kiwandani.

Mke wa Baharia, ndiyo maana mchuzini zinasambaratika: zimeshaiva, na wewe unazipika mara ya pili. Pika mchuzi wako mpaka mwisho, kitunguu, nyanya, bizari, tui zito, ukolee. Zima moto. Tia stiki vipande vinene, funika, subiri dakika mbili tatu, pakua. Na iwe zimeyeyuka kwenye friji usiku kucha. Ukizitia maji ya moto ziyeyuke haraka zinalegea hata kabla ya sufuria.

Binti wa Makupa
Hapo sikubaliani na Fundi. Ukizitia mwisho mchuzi hauingii ndani, unakula stiki na mchuzi, kila mmoja na njia yake. Mimi nazichovya kwenye yai lililopigwa na unga wa ngano na pilipili manga, nakaanga mafuta ya moto haraka haraka zishike ngozi, ndipo nazitia kwenye mchuzi wa nazi. Haziachani hata moja.

Fundi wa Samaki
Hizo sasa ni bajia zilizoogeshwa tui.

Binti wa Makupa
Ni tamu lakini. Njoo Mombasa ule.

Ummu Nasra, Muscat
Nilikuwa napita tu kusoma, lakini Fundi alipotaja ute wa yai mikono imenitetemeka. Nitaandika, na kama kuna mzazi humu asome yote.

Ilikuwa Ramadhani, futari kwa jamaa zetu, watu wengi, watoto wanakimbizana. Mtoto wa dada yangu ana aleji ya mayai. Siyo ya kuwashwa kidogo, ni ile ambayo mama yake hatoki nyumbani bila sindano ya adrenalini kwenye mkoba. Ukoo mzima unajua. Dada aliuliza sahani moja moja: hii ina yai? Ile? Akafika kwenye sambusa, akaambiwa hizo za samaki, mpe tu. Na manda zilikuwa za unga na maji, kweli hazikuwa na yai. Mtoto akala moja, akachukua ya pili.

Haikupita muda akaanza kujikuna shingo. Tukadhani joto. Halafu akasema mama mdomo wangu mkubwa, na sauti yake ilikuwa imeshakwaruza, si sauti yake. Akatapika. Midomo ikavimba tunaiona, kifua kikaanza kupiga filimbi. Wakubwa wote wanapiga kelele, mmoja anataka apewe maziwa, mwingine anataka asomewe, mwingine anamshika dada mkono eti asimchome mtoto sindano bila daktari. Dada alimsukuma mtu mzima yule, akamchoma mtoto pajani juu ya suruali, hakusubiri kumvua. Mimi napiga simu ya gari la wagonjwa, nashindwa hata kutaja mtaa.

Hospitali walisema ile sindano ndiyo iliyomwokoa. Walimlaza mpaka asubuhi kwa sababu hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa hata kama mtoto ameshacheka. Usiku ule mume wangu alirudi kwenye ile nyumba, akafukua pipa la taka, akatoa pakiti ya stiki zilizotiwa kwenye zile sambusa. Samaki, maji, wanga wa ngano, ute wa yai. Imeandikwa wazi kabisa, Kiarabu na Kiingereza. Aliyepika alisema samaki kwa nia njema, lakini dada yangu hajaingia nyumba ile tena na mimi simlaumu.

Kwa hiyo pikeni, lakini mkiulizwa ndani mna nini, msijibu "samaki".

Shangazi Mwema
Ya Rabbi. Mtoto anaendeleaje?

Ummu Nasra, Muscat
Mzima, alhamdulillah, anasoma. Sambusa hataki hata kuziona.

Dereva wa Fujairah
Pole sana dada. Na aliyemshika mama mkono?

Ummu Nasra, Muscat
Huyo ni mtu mzima wetu, acha tu.

Fundi wa Samaki
Niongezee hapo. Ngano imo, yai limo, nyingine zina soya, na nyingi zina dondoo la kaa halisi kwa ajili ya ladha. Mwenye aleji ya kaa au kamba asidhani yuko salama kwa sababu ni "bandia".

Bin Shebe, Lamu
Dondoo la kaa? Basi ngojeni. Sisi tuliosoma madhehebu ya Shafii, kaa ni katika wanaoishi nchi kavu na majini, kwa hiyo si halali, mwanachuoni wetu Imam Nawawi kamtaja pamoja na chura na nyoka. Nyumbani kwetu hakuliwa. Nilikuwa nakula hizi stiki kwa moyo mweupe nikijua ni samaki.

Kaa Koko, Tanga
Mzee, pwani nzima watu wanakula kaa.

Bin Shebe, Lamu
Sikusema watu hawali. Nimesema nilichosomeshwa.

Msomaji wa Vibandiko
Wa madhehebu ya Maliki wanamhalalisha, tusigombane. Mimi wasiwasi wangu ni mwingine: baadhi ya pakiti zina mirin, ambayo ni mvinyo wa mchele, na rangi E120 inatokana na wadudu. Tafuteni yenye alama ya halali, na hata hiyo isomeni.

Mwanafunzi wa Moscow
Jamani turudi jikoni. Huku Warusi mwaka mpya haupiti bila saladi ya hizi stiki: mahindi matamu ya kopo, mayai ya kuchemsha, wali uliopoa, tango, mayonezi. Nilipoiona nilidhani wali na mayonezi ni makosa, lakini ukiila baridi kesho yake inakuwa imekolea vizuri sana. Wali usiwe bokoboko, punje ziachane.

Mama Katlesi, Unguja
Mimi nafanya katlesi. Viazi vichemke na maganda, uvimenye moto moto, uviponde vikavu kabisa. Kitunguu saumu, pilipili, kotmiri, ndimu nyingi, maana stiki zina utamu na bila ndimu utadhani umetia sukari. Stiki usizisage, zichane kwa vidole zibaki nyuzi, ukiuma uzione. Madonge, yai, chenga za mkate, karai. Sahani haigandi mezani.

Mgonjwa wa Sukari
Mama Katlesi umenigusa. Mimi nilishauriwa nizile kwa sababu "ni samaki, haina neno". Gramu 100 zina karibu gramu 15 za wanga na protini gramu 7 au 8 hivi. Kaa halisi protini ni kama 18, na wanga karibu hana. Juu yake uweke viazi?

Mama Katlesi, Unguja
Basi wewe zile na kachumbari, mwanangu. Viazi niachie mimi.

Kaa Koko, Tanga
Hizo gramu ndizo nilizokuwa nasema tangu mwanzo.

Binti wa Makupa
Hukusema gramu, ulisema rangi.

Mke wa Baharia, Dubai
Ummu Nasra, nimekusoma mara mbili, Mungu ambariki dada yako. Mama Katlesi, je, asiyekula yai nimfanyie nini?

Mama Katlesi, Unguja
Huyo stiki usimpe kabisa. Chemsha nguru, umchambue miiba, viazi vile vile, na badala ya yai uchovye kwenye uji mwepesi wa unga wa mchele. Na mafuta yawe mapya, yasiwe yamekaanga za wengine.

Dereva wa Fujairah
Swali la kibachela. Pakiti nikiifungua nikatumia nusu, nairudisha friza?

Kijana wa Ghorofani
Mimi narudisha, sijawahi kuumwa.

Fundi wa Samaki
Usirudishe. Zikishayeyuka weka kwenye friji, chombo kifungwe, uzimalize ndani ya siku tatu. Zikigandishwa mara ya pili maji yanatoka yote, unabaki unatafuna sifongo. Kama ni nyingi fanya za Mama Katlesi, zipange kwenye sinia mbichi zikiwa zimeshapakwa chenga, hizo ndizo ugandishe. Ukirudi kazini unakaanga zikiwa bado na barafu, moto wa wastani, usizigeuze mapema.