Tupeane uzoefu: ulimweleza vipi mwajiri mpya sababu ya kuhama kazi mara kwa mara?

Mwanzisha mada, Nakuru:
Wenzangu, hamjambo. Wiki iliyopita niliitwa mahojiano ya kazi ya karani wa hesabu hapa Nakuru. Mwenyekiti wa jopo aliufungua wasifu kazi wangu, akatoa kalamu nyekundu, akazizungushia duara tarehe nne nilizoondokea kazini, kisha akaugeuza ukurasa unielekee na kuuliza, "Na kwetu utakaa miezi mingapi?" Nilibabaika, nikasema kwamba nilikuwa nikitafuta maslahi bora, na papo hapo nikaona uso wake umebadilika. Jibu lile halikuwa hata la kweli. Shamba la maua la Naivasha lilitupunguza mwaka wa 2020, soko la Ulaya lilipofungwa kwa sababu ya Korona na maua yakawa yanatupwa. Duka la vifaa vya ujenzi nililoingia baadaye lilifunga milango. Kazi ya tatu nilimshikia nafasi mwenzetu aliyekuwa katika likizo ya uzazi, nayo iliisha aliporejea. Ni ya nne tu niliyoiacha kwa hiari yangu. Naomba mliopitia hali hii mnieleze mlisema nini na mlijibiwa nini.

Mchangiaji, Kisumu:
Pole sana, ndugu. Nimefanya kazi katika miradi ya afya tangu 2016 chini ya waajiri sita, ilhali kazi yenyewe haijabadilika hata siku moja: kukusanya na kuhakiki takwimu za wagonjwa katika zahanati za kandokando ya ziwa. Ufadhili ukikoma, mradi hufungwa, nasi tunatafuta mwingine. Mkataba wangu wa mwisho ulikatika mapema mwaka wa 2025, baada ya serikali ya Marekani kusitisha misaada yake ya nje mwezi wa Januari. Zamani nilikuwa nikimwandika kila mwajiri chini ya kichwa chake, na ukurasa mzima ukawa kama orodha ya watu niliokosana nao. Sasa nimeweka kichwa kimoja, "Afisa wa takwimu, miradi ya afya, 2016 hadi 2025", na chini yake miradi yote sita pamoja na tarehe zake, kila mmoja ukimalizika kwa maneno "mkataba ulikamilika" au "ufadhili ulikoma". Katika mahojiano yaliyofuata waliniuliza kuhusu takwimu karibu muda wote. Suala la kuhama liliulizwa mara moja, nikalijibu kwa sentensi moja, tukaendelea.

Mwalimu, Kakamega:
Sisi tuliowahi kuajiriwa na bodi za shule tunalijua jambo hili vizuri, kwa maana mkataba wetu mara nyingi huisha pamoja na muhula. Nilifundisha shule tano kabla ya kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Kila nilipoondoka niliomba barua. Mwalimu mkuu mmoja aliniambia hana muda, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi yake hadi saa kumi jioni, ndipo akaandika mistari miwili kwa mkono na kugonga muhuri: kwamba nilimaliza silabasi ya kidato cha tatu, na kwamba nafasi yangu ilichukuliwa na mwalimu aliyeletwa na Tume. Mistari hiyo miwili ndiyo jopo lililofuata lilisoma kwa sauti.

Afisa wa rasilimali watu, Kisumu:
Nimekaa upande wa pili wa meza kwa miaka mingi, kwa hiyo naomba niseme tunachokihofia. Tunahofia kumfundisha mtu kazi kwa miezi mitatu, kisha aondoke kabla hajaanza kutufaa. Ukituonyesha kwamba kuondoka kwako kulitokana na mkataba, kupunguzwa au biashara kufungwa, hofu hiyo hupungua sana. Kinachotushinda ni tarehe zilizonyooshwa. Tulimpata kijana mzuri aliyeandika mwaka mmoja mahali alipofanya kazi miezi mitano, na simu moja ikatosha kumkosesha nafasi. Iliniuma, kwa sababu ile miezi mitano tungeikubali. Ndiyo maana siungi mkono ushauri wa kufuta kazi fupi ili wasifu upendeze. Tena, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, isipokuwa kama alifanya kazi kwa muda usiofika majuma manne mfululizo. Cheti hicho hutaja tarehe ya kuanza, tarehe ya kuondoka na aina ya kazi. Mwajiri halazimiki kukusifu, lakini cheti ni haki yako, hata kama mliachana vibaya.

Mchangiaji, Busia:
Mimi niliondoka mahali pawili kwa sababu ya msimamizi aliyekuwa akinisumbua kwa namna isiyofaa. Nilipokuwa nikilieleza kinaganaga, sauti ilitetemeka na mahojiano yakaishia hapo. Siku hizi husema, "Mazingira yale hayakulinda heshima yangu kazini, nikakabidhi kazi kwa utaratibu na kuondoka," kisha ninanyamaza. Dada zangu, msilazimike kufungua kidonda mbele ya watu watano msiowajua.

Mwanzisha mada, Nakuru:
Nawashukuru nyote kwa dhati. Jumanne nakwenda Naivasha kuomba cheti changu. Ile kazi ya nne nitasema wazi kwamba niliiacha kwa ajili ya mshahara. Lakini lile duka lililofungwa, nani atanitilia sahihi?

Afisa wa rasilimali watu, Kisumu:
Omba taarifa ya michango yako ya NSSF, ule mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Ikiwa mwenye duka alikuwa akiiwasilisha, utaikuta miezi yako pale pamoja na jina la mwajiri. Ichapishe uibebe pamoja na vyeti vingine.