Tupeane uzoefu: fakture (bili) za hospitali hapa Lubumbashi, Kongo, uliambiwa bei gani na ukalipa ngapi?

PapaMapasa_Katuba

Ndugu zangu wa L'shi, na ninyi wa Likasi na Kasumbalesa, hodi.

Mke wangu alijifungua mapacha kwa kupasuliwa, mwezi wa saba, baridi kali. Kabla hajaguswa nilitakiwa kuweka kosyo, yaani amana, ya dola 150. Nikauliza yote yatafika ngapi. Nikajibiwa, "Papa, itajulikana mwisho." Siku ya tano nikapewa nusu ya karatasi ya daftari la mraba: upasuaji 250, dawa 118, chumba 60, mengineyo 85. Jumla dola 513. Nikauliza hayo mengineyo ni nini. "Ni vitu vya huko ndani."

Sasa, mama mkwe wangu hajui Kifaransa, lakini kila muuguzi alipotundika serumu (dripu) alichora mstari mmoja kwenye daftari la shule la mjukuu wake. Dawa alizifunga kwenye kitenge, na vichupa vitupu pia. Fakture ya dawa iliandikwa serumu 16. Mistari yake ilikuwa tisa. Aliliweka daftari mbele ya dirisha la malipo, akanyamaza, akangoja. Yule kijana alikwenda nyuma, akarudi, akafuta dola 43. Haikuchukua dakika kumi.

Hadi leo ndilo linaloniuma. Bei inayoshuka kwa dakika kumi kwa sababu bibi mmoja alichora mistari, ilikuwa bei gani? Na wale wasio na mama mkwe kama wangu?

Naomba kila mmoja aandike: ugonjwa au huduma, mwaka, uliambiwa nini ulipoingia, ulilipa nini ulipotoka. Jina la hospitali na la daktari msiweke. Tunatafuta bei, ili mwenzetu anayeingia kesho awe na pa kulinganishia.

Mama_Likelemba

Mwaka 2024, mtoto wangu wa miaka minne, homa. Kituo cha jirani walitaka franka 3.000 kwa kipimo cha malaria. Foleni ilikuwa ndefu, nikaenda kliniki ya binafsi mtaa wa tatu. Huko walitoa damu kwanza, bei ikaja baadaye: dola 22. Kipimo cha malaria, cha tifoide, cha mkojo na "konsultasyo", yaani kumwona daktari. Tifoide nani aliiomba? Mimi nilisema homa tu.

Nikatoa noti ya 20 na ya tano. Ile ya 20 ina mpasuko kwenye kona, mdogo kuliko ukucha. Wakaikataa. Basi lipa kwa franka: barabarani dola ilikuwa 2.800, wao wakahesabu 3.000. Fanyeni hesabu wenyewe, franka 200 mara 22. Hizo 4.400 ni unga wa bukari (ugali) wa jioni. Nami ningeulizia wapi? Ukutani kulikuwa na kalenda na picha ya ini, bei haikuwepo hata moja.

Muzee_wa_Panda

Vijana, mimi nilifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Ulikuwa unaumwa, unaonyesha karatasi yako, unatibiwa, mke anatibiwa, watoto wanatibiwa. Posho mwisho wa mwezi. Fakture ya hospitali sikuwahi kuishika mkononi. Kisha mwaka 2003 ikaja ile "kuondoka kwa hiari", tukatoka watu zaidi ya 10.000. Pesa tuliyopewa iliisha upesi.

Miaka miwili baadaye ngiri ikanikaba. Nilikuwa na umri wa miaka 54 na sikujua upasuaji wa ngiri unagharimu nini, wala kwamba mtu anaweza kuuliza. Niliona aibu, kama vile naomba bei ya mazishi yangu. Televisheni ilibaki hospitali kama rehani na sikuirudia tena. Kizazi changu hakikufundishwa kuuliza. Ninyi ulizeni.

Muuguzi_Kampemba

Nimesoma yote nikakaa kimya siku mbili. Mimi ni muuguzi mwaka wa 11. Miaka sita ya kwanza sikuwa na namba ya matrikule, maana yake serikali haikunijua. Nilikula nini? Mapato ya hospitali. Mwisho wa mwezi pesa ya dirishani inagawanywa: sehemu ya dawa, sehemu ya mafuta ya jenereta, sehemu inapanda juu kwa wakubwa, inayobaki ndiyo prime yetu, posho ya wafanyakazi. Mwezi mmoja nilipata franka 40.000. Kwa hiyo kila mtu pale ndani, kuanzia laboratwari hadi mfagizi, anajua kwamba fakture ndogo ni chakula kidogo nyumbani kwake. Sisemi hivyo ili mtuhurumie. Nataka mjue namba zinakuwa kubwa kwa njia gani.

Njia ya kwanza ni dawa. Daktari anaandika vifaa vya upasuaji kwa jumla, glavu, uzi, sindano, vinatoka famasi vyote, vingine havitumiki, havirudishwi, nawe umeshaandikiwa. Ya pili ni vipimo vinavyokwenda kwa kundi. Ya tatu ni "mengineyo". Hata sisi hatujui yana nini.

Lakini inawezekana kufanya vingine. Kabla ya hapa nilikuwa kituo cha afya kinachotumia bei moja ya jumla, ile forfe: mtoto mgonjwa bei hii, mtu mzima hii, kujifungua hii, dawa zikiwa ndani. Bei ziliandikwa kwa rangi ya bluu ukutani, kwa Kiswahili, karibu na mlango. Kamati ya afya ya mtaa ilizijua. Watu walilalamika kwamba dawa zinaisha, ndiyo. Ila dirishani hatukugombana na mtu.

Fanyeni hivi. Kitandani pana fishi ya matibabu, tunaandika kila dawa tunayokupa na saa. Omba iwekwe kando ya fakture kabla hujalipa. Dawa iliyofungwa na haikutumika, irudishe famasi ungali ndani, wakati jina lako bado liko kwenye kitabu. Na chanjo za watoto za kawaida, dawa za kifua kikuu, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, hizo usitoe pesa.

Bwana_Gambela

Muuguzi, asante, lakini mgonjwa akiwa kitandani nani atagombana? Niliuliza bei ya ekografi (ultrasound) mara mbili, na siku nzima hakuna aliyekuja kubadilisha serumu ya mama yangu. Labda ilikuwa bahati mbaya. Sikuuliza tena hadi tulipotoka.

Muuguzi_Kampemba

Kaka, ninakuamini. Mtume ndugu mwingine aulize, asiyelala pale na mgonjwa. Na aulize asubuhi, wakati mkuu wa wauguzi yupo.

Dada_Ruashi

Naandika kutoka hospitali. Dada yangu alijifungua kwa kupasuliwa siku 19 zilizopita. Daktari alimruhusu kurudi nyumbani siku ya nane. Tangu hapo tumezuiwa kwa deni la dola 140, mlinzi hatoi karatasi ya kutokea, na kila usiku kitanda kinaongezwa kwenye deni. Leo wanasema 195. Niliuliza juu ya ule uzazi wa bure uliozinduliwa Kinshasa mwezi wa tisa 2023, wakasema hospitali hii haimo. Mtoto ana mafua, kuna wanawake watano kwenye chumba hiki, wote wameshapona.

PapaMapasa_Katuba

Dada yangu, pole sana. Hamko peke yenu. Mwaka 2018 waandishi wa Associated Press walipita hospitali na kliniki zaidi ya 20 za mji huu, na zote isipokuwa moja zilikuwa na desturi ya kuwazuia wasiolipa. Miaka imepita na ninyi mko hapo.

Fanya jambo moja leo: omba fakture iliyochambuliwa, mstari kwa mstari, siyo jumla. Omba na fishi ya kitandani. Wakikataa, andika jina la kazi ya aliyekataa na saa, tuipeleke ofisi ya zone ya afya, yaani ya afya ya eneo letu. Niandikie jina la hospitali faraghani. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa langoni, na mama mkwe anakuja.

Mama_Likelemba

Likelemba yetu, kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, inakutana leo jioni. Zamu ni yangu. Nitatoa dola 30, Papa Mapasa uzipitie kwangu. Noti nimezikagua, hazina mpasuko.

Dada_Ruashi

Mungu awabariki. Wamenipa fishi, wameniachia hadi saa kumi na mbili. Nasoma mwandiko na mama wa kitanda cha pili ananishikia simu nipate mwanga. Fakture inasema serumu 20. Nimefika ukurasa wa mwisho, nimehesabu 11.