Kinywaji kuitwa "bomu la gari" ni utani ama ni matusi?

mtoto_wa_Buruburu
Wadau habari zenu, naomba maoni kwa kitu kinanisumbua. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya kaunta kwa baa moja huku Boston. Kuna kinywaji wateja wanaagiza sana, haswa ile Machi 17 ya Mtakatifu Patrick, sikukuu ya Waayalandi, kinaitwa Irish Car Bomb. Yaani bomu la kutegwa ndani ya gari, la kule Ayalandi. Unamimina Guinness nusu glasi, kwa glasi ndogo ya shoti unaweka wiski ya Jameson na Baileys (ile pombe tamu ya krimu) juu yake, mteja anaidondosha hiyo ndogo ndani ya kubwa, povu linapanda, anaimaliza yote kwa mkupuo kabla Baileys haijaganda, na wenzake wanapiga kelele "buum!" wakigonga meza. Hapo ndio nashindwa.

Agosti 7 1998 ilikuwa Ijumaa. Lori lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani pale Nairobi, watu 213 wakafa, jengo la Ufundi likaanguka lote. Shangazi yangu alikuwa kazini jengo la karibu, akaskia mlio wa kwanza akaenda dirishani kuangalia ni nini kama vile wengi walifanya, ndio bomu lenyewe likalipuka na vioo vikamjia usoni. Jicho la kushoto halioni mpaka leo. Sasa mtu akiniambia nipe mabomu manne huku anacheka, natengeneza kwa sababu ni kazi, lakini roho inauma.

Meneja anasema ni jina tu na hakuna mtu ashawahi kulalamika. Wakenya wenzangu huku wananiambia wachana na mambo ya wazungu. Ni mimi nimezidisha ama hili jina ni matusi kweli?

Chuma_cha_Mbagala
Pole kwa shangazi mkuu, Mungu ampe nguvu. Ila kwenye jina naona umelibeba zito sana. Pombe tangu zamani zinaitwa majina ya kuchokoza, ndo yanayouza. Nyie wenyewe Kenya chang'aa si mnaiita Kill Me Quick, na mtu anaagiza anakunywa? Huku kwetu nguruwe anaitwa kitimoto mara mdudu na hakuna aliyeandamana. Mlevi akiagiza bomu hamuwazii mtu aliyekufa, anawaza kinywaji chake, nia mbaya haipo kabisa. Ukimlaumu kwa kitu ambacho hajakiwaza unamwonea.

BintiPangani
Kaka Chuma mfano wako haufanani na hili. Anayeiita chang'aa Kill Me Quick ni yule yule anayeinywa na anayezika jirani yake. Novemba 2000 pale Nairobi pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu mia moja, wengi mitaa ya Mukuru, na wengine walibaki vipofu. Watu wa mtaa ule wakiipa pombe yao jina la kifo wanasema shida yao wenyewe. Mimi hapo sina neno. Angekuja tajiri kutoka nje akafungua baa ya kifahari akaandika kwenye menyu Kipofu wa Mukuru, shoti mbili kwa bei ya moja, ungekubali? Mimi nisingekubali hata kidogo.

Na kitimoto usiitie humu, mimi ni Muislamu na jina lile haliniudhi, tena linanisaidia, nikiliona kwenye bango najua hapo si pangu napita zangu.

nesi_wa_Belfast
Nimeona huu uzi nikasema lazima niandike maana niko Ayalandi ya Kaskazini, nauguza wazee. Dada/kaka mtoa mada, hicho kinywaji hakikutoka huku. Kilibuniwa Marekani kwenye baa moja mji wa Norwich, Connecticut, mwaka 1979, na mwaka huo huku mabomu yalikuwa bado yanalipuka. Ile vita ya kugombania Ayalandi ya Kaskazini ibaki Uingereza au iungane na Ayalandi iliua zaidi ya watu 3,500 mpaka walipokubaliana amani Aprili 1998.

Halafu kuna kitu sidhani meneja wako anakijua. Bomu la Nairobi ni Agosti 7. Agosti 15, siku nane tu baadaye, mwaka huohuo, gari lililipuka mji wa Omagh, Jumamosi mchana watu wako kwenye maduka, wakafa 29, na mmoja wao alikuwa mama mjamzito wa mapacha. Taarifa ya simu ya kuonya ilitaja sehemu siyo, polisi wakawa wanawahamisha watu kumbe wanawasogeza kwenye lile gari. Ndugu za wale watu wapo hai, naonana nao wodini. Kuna mama huwa namfunga bandeji, mguu wake una makovu ya vyuma kuanzia gotini mpaka kwenye kifundo, na hapendi kabisa mtu abamize mlango. Huyo ukimwambia kuna watu wanagonga meza wakisema buum atakujibu nini?

Kwa hiyo hujazidisha. Huku mgeni akiagiza kwa jina hilo hanuniwi tu, kuna baa hapati huduma.

Mngoni_Halisi
Nashukuru nesi, umenifungua. Mimi niongezee upande wa utani maana mtoa mada kauliza ni utani au matusi. Sisi Wangoni na Wahehe tulipigana vita vya kweli, mababu wakauana, na leo ni watani. Mhehe anaweza kuja kwenye msiba wetu akalala kwenye mkeka wa wafiwa akamkejeli marehemu kwamba alikuwa mroho, na tunacheka, hata hela tunampa. Lakini yule ana haki hiyo. Damu ya kwao ilimwagika na ya kwetu ilimwagika, na kesho kwenye msiba wao mimi nitafanya vilevile, halafu jeneza likitoka anabeba na sisi. Asiye mtani akifanya hivyo msibani atatolewa nje. Sasa huyo kijana wa Boston anayegonga meza alizika nani Omagh?

Chuma_cha_Mbagala
Hapo kwenye utani Mngoni nakubali hoja ina nguvu. Bado nasema mteja asitukanwe, maana hajui. Lakini mwenye baa akishaambiwa hana kisingizio tena.

BintiPangani
Ndiyo maana yake. Mbona Ben & Jerry's mwaka 2006 walitoa aiskrimu wakaiita Black & Tan, jina ambalo Waayalandi wanalikumbuka kwa askari wa Uingereza waliowatesa miaka ya 1920, na wakalalamikiwa wakaomba radhi. Kampuni kubwa vile imeweza, baa moja ishindwe?

mtoto_wa_Buruburu
Asanteni sana wote, hiyo ya siku nane sikuwa najua na imenigusa. Kesho naongea na meneja tena, nitamwambia mambo ya Omagh na ya shangazi, nimuombe tubadilishe kwa menyu tu. Baa zingine huku zinaandika Irish Slammer, kinywaji ni kile kile na bei ni ile ile.

Chuma_cha_Mbagala
Na mteja akiendelea kuagiza kwa jina la zamani?

mtoto_wa_Buruburu
Nitamtengenezea, ila oda nitaisoma kwa jina jipya. Akiuliza kwa nini nitamwambia.